Ukulele wa mninga usiotoa sauti: tatizo la ubao, na tatizo la vidole

Marahaba, fundi mwenzangu. Umeniandikia kutoka Mabatini, Mwanza, kwamba kazi yako ni makabati na vitanda, na kwamba vijana wa kwaya ya kanisani kwenu ndio waliokuingiza kwenye ukulele, hilo gitaa dogo la nyuzi nne. Mbili za kwanza zilikuwa soprano, yaani zile ndogo, na zinalia vizuri kiasi. Huu wa tatu ni tenori, mkubwa zaidi, urefu wa uzi sentimita 43, mwili mzima wa mninga, na umekukatisha tamaa. Ubao wa juu una unene wa milimita 3.5 "ili usipasuke". Ndani umeweka vihimili vitano (vijiti vya kuimarisha ubao), navyo vya mninga, vya milimita 10 kwa 10, vyote vikikatisha upana. Daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi juu ya ubao, ni la mpingo. Sauti, kwa maneno yako, imefungiwa ndani ya sanduku. Tena watoto wanalalamika vidole vinauma, hasa kwenye kodi ya F (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), na kodi hiyo haikai sawa hata ukaze nyuzi vipi. Unauliza upunguze vihimili vingapi na uvipange namna gani.

Umeuliza swali moja lakini matatizo ni mawili, na hayana ujamaa. Sauti kufungwa ni mambo ya ubao na vihimili. Vidole kuuma, kwa dalili ulizozitaja, hakuhusiani na kihimili hata kimoja. Nianze na sauti, maana ndiyo yenye maneno mengi.

Seremala hufundishwa tangu siku ya kwanza kutengeneza kitu kisichotikisika. Kabati likiyumba, mteja analirudisha. Kwenye ukulele tabia hiyo njema ndiyo inayokuangusha, kwa sababu ubao wa juu umewekwa pale makusudi utikisike. Uzi wenyewe ni mwembamba, hauwezi kusukuma hewa ya kusikika mbali. Kazi yake ni kulichezesha daraja, daraja liucheze ubao, na ubao wenye upana ndio unaoisukuma hewa. Nguvu inayotoka kwenye kidole cha mtoto ni kidogo mno, na ukiipelekea ubao mzito na mgumu inaishia humohumo bila mtu wa benchi la tatu kusikia kitu.

Sasa tazama mzigo unaobebwa. Nyuzi nne za nailoni za soprano, zikikazwa G, C, E, A kama kawaida, zinavuta jumla ya kilo 12 hadi 15 hivi. Za tenori zinakaribia kilo 20. Gitaa la nyuzi za nailoni linavutwa kwa kilo 40 hivi, na la nyuzi za chuma linapita 70. Ubao wako wa milimita 3.5 na vihimili vitano umejengwa kama wa kubeba hilo gitaa la chuma.

Wewe unajua kwa nini mbao ya kenchi husimamishwa wima badala ya kulazwa: ikisimama haipindi, ikilala inabonyea, na mbao ni ileile. Hesabu yake ni kwamba ugumu wa kupinda hukua kwa mchemraba wa kimo, ilhali uzito hukua kwa kimo chenyewe tu. Kihimili chenye kimo cha milimita 10 ukikishusha hadi 8, umepunguza uzito kwa moja ya tano tu, lakini ugumu umeukata nusu. Ukikishusha hadi 6, ugumu uliobaki ni kama moja ya tano ya ule wa mwanzo. Ubao nao ni hivyohivyo. Wa milimita 3.5 ni mgumu zaidi ya mara sita ya ule wa milimita 1.9 wa mti uleule. Kwa hiyo usifikirie kwanza idadi ya vihimili. Fikiria kimo chake na unene wa ubao, maana viwili vyenye kimo kikubwa vinaweza kuziba sauti kuliko vitano vilivyochongwa vikashushwa kimo.

Usijione peke yako. Ukulele wenyewe ulianzishwa na watu wa kazi yako. Mwaka 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilifika Honolulu, Hawaii, ikiwa na wahamiaji kutoka kisiwa cha Madeira cha Ureno, na miongoni mwao walikuwamo mafundi samani watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Walichukua umbo la machete, gitaa dogo la kwao, wakaanza kulitengeneza kwa mti wa kule uitwao koa, ambao ni jamii ya migunga. Walioukosea ni watu wa gitaa. Kampuni ya Martin ya Marekani, iliyokuwa ikitengeneza magitaa tangu 1833, ilijaribu ukulele mwaka 1907. Ikaweka ubao wa juu wa sprusi, mti mwepesi wa nchi za baridi, na vihimili kwa mazoea ya gitaa, vikawa vizito kuliko kazi yenyewe, na wateja hawakuzipenda. Iliporudi tena mwaka 1916 kwa mbao za mahogani na ujenzi mwepesi, ndipo ilipofanikiwa.

Tuje kwenye mpangilio. Nyuzi haziuvuti ubao kwa kuubonyeza chini, zinalivuta daraja kuelekea kichwani. Daraja linataka kubinuka: upande wa nyuma yake ubao unainuka, mbele yake unazama. Kihimili cha kuzuia hilo lazima kipite chini ya daraja kikifuata urefu wa ukulele, kutoka mbele ya daraja kwenda nyuma. Vyako vimelala sambamba na daraja. Vinauzuia ubao kucheza kwa upana, yaani pale tunapotaka ucheze, halafu haviliungi mkono daraja lenyewe. Kinachokuokoa usione ubao ukivimba ni ule unene wa milimita 3.5 tu.

Kwa soprano hata hayo hayahitajiki. Ukulele nyingi za zamani za Hawaii zina vihimili viwili vya kukatisha, kimoja juu ya tundu la sauti na kimoja chini yake, pamoja na kiraka chembamba cha mbao chini ya daraja, basi. Sehemu yote pana ya chini iko wazi. Nadhani ndiyo maana soprano zako mbili zilisalimika: mwili mdogo hauachi nafasi ya kujaza mbao.

Tenori ina tumbo pana na mvuto zaidi, hivyo inafaa kusaidiwa kidogo. Ninachokushauri ni vihimili vitatu vya kutawanyika kama vidole vya mkono. Vinaanzia chini ya kile cha kukatisha kilicho chini ya tundu, vinapita chini ya daraja, na kuelekea mkiani vikiachana kidogo kidogo. Upana milimita 5, kimo milimita 6 pale chini ya daraja, kisha uvichonge vishuke hadi milimita 2 au pungufu kwenye ncha. Ncha isiishie na bega la wima, kwa sababu ubao utakuwa na ugumu wa ghafla hapo, na gundi huanza kuachia papo hapo. Vile viwili vya kukatisha karibu na tundu viache na nguvu, upana 6 kwa kimo 10, maana hapo ubao umetobolewa na shingo inasukuma. Kiraka cha daraja kiwe milimita 1.5 hadi 2, kipitilize daraja kidogo pande zote.

Mpangilio wa kutawanyika unahusishwa na Antonio de Torres wa Hispania, aliyeishi kati ya 1817 na 1892. Hakuubuni yeye, aliukamilisha. Aliamini sana kwamba sauti hutoka kwenye ubao wa juu, hata mwaka 1862 akatengeneza gitaa lenye mbavu (kuta za pembeni) na mgongo wa karatasi ngumu ili athibitishe. Gitaa hilo lipo Barcelona hadi leo. Nakutajia hili kwa sababu najua mafundi wanaolipa pesa nyingi kupata mgongo wa mbao nzuri yenye mistari, halafu ubao wa juu wanauacha kama mlango.

Utasikia pia habari za vihimili vya msalaba, viwili vinavyopishana kwa umbo la X. Vilitokea kwenye karakana ya Martin katika miaka ya 1840 na vinafaa sana kwa nyuzi za chuma. Kwenye tenori na baritoni vinaweza kufanya kazi nzuri, lakini pale vinapokatana panakuwa na donge gumu, na ukikichonga kimoja umegusa na kingine. Kwa nyuzi nne za nailoni sioni sababu. Vitatu vya kutawanyika unaweza kukipunguza kimoja kimoja ukisikiliza, na kwa anayejifunza hiyo ni faida kubwa.

Vihimili visiwe vya mninga. Hapa tunataka mti mwepesi ulionyooka. Wenzetu wa Ulaya na Marekani hutumia sprusi, sisi tuna paini za shamba la miti la Sao Hill. Nyingi zimekua haraka na mistari yake ni mipana, ila ukichambua lundo kwenye duka la mbao utapata kipande chenye mistari iliyobanana. Usikipasue kwa msumeno. Kipasue kwa patasi, kifuate uzi wake chenyewe, ili nyuzi za mti zitoke ncha hadi ncha. Kihimili chembamba kilichokatwa mshazari kitavunjika hata kama kinaonekana safi.

Mninga kwa ubao wa juu hauna aibu yoyote, kama koa isivyokuwa na aibu. Sifa yake kubwa ni kutulia: ukishakauka hausinyai wala kutanuka sana. Chagua kipande ambacho ukitazama mwisho wa mbao mistari imesimama wima. Mbao nyingi za sokoni zimepasuliwa ubapa, mistari yake imelala, na hizo hujikunja. Uzi wa mninga pia huwa unapishana, kwa hiyo randa ikianza kung'oa vipande geukia chuma cha kukwangulia na msasa. Kwa tenori, milimita 1.8 hadi 2. Mkangazi ukiupata, nao ni ndugu wa mahogani na una uzito wa kufaa.

Mpingo utoe kwenye daraja. Uzito wake ni kama mara mbili ya mninga, kilo 1,200 hivi kwa mita moja ya ujazo, unazama majini. Kila gramu ya daraja ni gramu ambayo uzi lazima uisukume kabla ubao haujacheza. Mpingo uweke kwenye ubao wa vidole, ule wa juu ya shingo, pale ugumu wake una faida na uzito wake haudhuru. Daraja lichonge la mninga, jembamba kwenye mbawa.

Ila usije ukafurahia wepesi ukapitiliza. Ubao ukiwa mwepesi mno sauti inaruka kwa nguvu na kukatika papo hapo, inakaribia banjo. Kwa kwaya inayopiga kodi kwa kukwangua nyuzi hilo linakubalika, hata linapendeza. Kwa mtu wa kudonoa uzi mmoja mmoja polepole ni kero, na kwake yeye ningeacha ubao milimita 2 kamili na daraja zito kidogo, sauti iwe ndogo lakini idumu.

Umbo la mwili nitalipitia kwa haraka. Shingo ikikutana na mwili kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatisha shingo), daraja hukaa karibu na katikati ya tumbo, pale ubao unapocheza kwa uhuru zaidi. Ikikutana kwenye freti ya 14, vidole vinapata nafasi juu lakini daraja linasogea kuelekea tundu, isipokuwa uunde mwili upya. Tundu dogo huzamisha mvumo wa hewa iliyo ndani, tundu kubwa huupandisha. Kwa tenori, tundu la sentimita 6 hivi halina shida, usilibabaikie.

Sasa vidole. Umesema kodi ya C inapigika, ya F inauma na haikai sawa. Kodi ya C inashikwa kwenye freti ya tatu, ya F inashikwa freti ya kwanza na ya pili. Kinachouma karibu na kichwa na kupungua ukishuka ni kijiti cha mfupa cha kule kichwani kilichoachwa juu. Uzi uko mbali na freti ya kwanza, mtoto anaubonyeza sana, na kwa kuubonyeza hivyo anaukaza, ndiyo maana noti inapanda. Ukipunguza kukaza ili F iwe sawa, nyuzi zikiachwa wazi zinakuwa chini. Hutashinda kwa funguo za kukazia nyuzi.

Jipime hivi. Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, kisha tazama juu ya freti ya kwanza. Panatakiwa pawe na mwanya mwembamba kama karatasi, uzi usiguse lakini uwe karibu kugusa. Wako nadhani utapitisha kadi ya simu. Shusha mfereji mmoja mmoja kwa kifaili chembamba, ukikiinamisha kuelekea kichwani, na upime kila baada ya mikwaruzo michache. Ukipitiliza uzi utavuma kwenye freti ya kwanza na itabidi uchonge kijiti kingine. Mfupa wa ng'ombe si kitu cha kukosekana Mwanza.

Baada ya hapo nenda freti ya 12. Kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi, milimita 2.5 inatosha kwa watoto. Kama ni 3.5, kijiti cha kwenye daraja kishushwe milimita 2, maana pale katikati ya uzi unapata nusu tu ya unachokata. Hakikisha pia kijiti hicho kimekaa mbali na freti ya 12 kuliko freti ya 12 ilivyo mbali na kichwa. Kwa uzi wa sentimita 43, nusu yake ni milimita 215, na upande wa daraja ongeza kama milimita 2, ili kufidia kule kukaza kunakotokana na kubonyeza. Kwa nafasi za freti, ukigawa urefu wa uzi kwa 17.817 hutakosea: ya kwanza inakaa milimita 24.1 kutoka kichwani, kisha unagawa kilichobaki.

Kuna sababu ya tatu inayowezekana. Umesema nyuzi ulinunua za aina moja kwa ukulele zote tatu. Uzi uleule, ukikazwa noti ileile, kwenye tenori ya sentimita 43 unavuta zaidi ya mara moja na nusu ya unavyovuta kwenye soprano ya sentimita 34.5. Urefu peke yake ndio unaoleta hilo. Kwa mikono midogo, tenori inataka uzi mwembamba kidogo. Na hapo Mwanza una bahati, kwa sababu nyuzi nyingi za ukulele za florokaboni (aina ya plastiki) ni jamaa wa karibu wa mshipi wa kuvulia. Nenda kwenye maduka ya zana za uvuvi Kirumba na kalipa, kile kipimo cha unene, mkononi. Uzi mmoja wa nailoni wa milimita 0.6 utakupa A, na kutoka hapo utapanda hadi karibu milimita 1 kwa C. Chagua mshipi wa uzi mmoja, usio wa kusokotwa. Florokaboni ni nzito kuliko nailoni, kwa hiyo yake iwe nyembamba zaidi.

Neno la hali ya hewa, kwa kuwa uko karibu na ziwa. Ubao unaogundishwa vihimili wakati wa mvua za Machi hadi Mei umejaa unyevu. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kikifika unataka kusinyaa, vihimili vinaukatalia, na hapo ndipo mpasuko unapotokea. Ukigundisha ubao ukiwa mkavu, masika yatauvimbisha kidogo tu bila kuupasua. Hofu yako ya kupasuka ilikuwa ya kweli, ila dawa yake ni ukavu, unene hausaidii. Kata mbao mapema, ziache wiki kadhaa ndani ya nyumba zikiwa zimepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite. Viwekee vile vya kukatisha mbinuko mdogo upande unaogundishwa kwenye ubao, kama milimita moja katikati, ili ubao uwe na tumbo tangu mwanzo. Na gundi nyeupe ya maji hulainika kwa joto: ukulele usiachwe ndani ya Hiace juani wala usitundikwe chini ya bati lisilo na dari.

Kwa huu ulionao mkononi sishauri uuvunje. Mgongo unaweza kutoka kwa kisu chembamba kilichopashwa moto, ukipita polepole kwenye kiungo, kwa kuwa gundi yako ni hiyo nyeupe. Ukishaufungua, toa vihimili vitatu vya tumbo, uache vile viwili vya karibu na tundu. Punguza ubao kwa ndani hadi milimita 2 katikati, na kandokando ya tumbo ushuke hadi 1.7, kwa upana wa vidole viwili hivi. Pima kila mara, pale kwenye ukingo wa tundu kalipa inafika bila shida. Weka kiraka na vile vitatu vya paini, badilisha daraja, ufunge.

Kabla ya kufunga, shika mwili kwa mbavu na ugonge mahali pa daraja kwa ncha ya kidole. Ukisikia "tik" fupi ya juu, ubao bado mgumu, chonga vihimili kidogo na ugonge tena. Ukisikia "tum" yenye mvumo unaokaa, acha hapo hapo. Kisha funga, kaza nyuzi, uuache siku chache ukiwa umekazwa, na ulaze rula nyuma ya daraja. Ubao ukiwa umeinuka milimita moja hivi, hivyo ndivyo unavyotakiwa kuwa, usiogope. Ukipita mbili na daraja limeinamia mbele, ongeza kihimili kimoja cha urefu katikati ya vile vitatu, chembamba kuliko wenzake.